Kiitaliano cha mezani: nilichokiokota Malindi na kukitumia Bologna

Kiitaliano changu cha kwanza nilikiokota mezani. Nilikuwa weita Malindi, katika hoteli moja ya ufuoni ambayo wageni wake karibu wote walitoka Italia. Waitaliano pale kwetu si wageni wa jana. Miaka ya 1960 walisimamisha majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, na Aprili 1967 setilaiti yao ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Wahandisi walifuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na wanunuzi wa nyumba, na pamoja nao zikaja piza, aiskrimu na kahawa ya kikombe kidogo. Vijana wa ufuoni wakajifundisha lugha kwa kusikiliza tu. Nami nilikuwa mmoja wao, ila mimi sikio langu lilikuwa upande wa chakula.

Baadaye riziki ilinipeleka Bologna, na huko ndiko nilikokalia upande wa pili wa meza. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala chakula kilichotiwa pombe. Na Bologna ni mji ambao Waitaliano wenyewe wameuita "la grassa", mnono, na unono huo kwa sehemu kubwa ni wa nguruwe. Ukipita vichochoro vya Quadrilatero, pembeni mwa Piazza Maggiore, mortadella, zile soseji nene za nguruwe, zinaning'inia madukani, nyingine kubwa hata unajiuliza mtu mmoja anazishushaje. Kwa hiyo kuulizia chakula kwangu ni lazima, kila mara ninapokula nje. Haya ninawaandikia Waswahili wenzangu wanaokuja huku kusoma, kufanya kazi au kutembea tu, wawe wanakwepa nguruwe, karanga au bili ya kushtua.

Jambo moja nililiona nikiwa bado weita, na hadi leo ndilo linaloniongoza: mteja hupata jibu la swali aliloliuliza, si la lile alilokusudia. Mteja akiniambia, "Non c'è maiale, vero?", yaani hakuna nguruwe humu, au sivyo, tayari alikuwa ameniwekea jibu mdomoni. Saa mbili usiku meza zimejaa, mpishi anapiga kengele sahani zisipoe bure, na mtu anakuuliza hivyo. Ulimi wenyewe unasema "No, no" kabla akili haijafika jikoni. Si uongo wa makusudi. Ni kwamba jibu hilo ndilo linalokuachia uende zako.

Walionizuia ni wale waliouliza "Com'è fatto?", kimetengenezwaje. Hasa wazee. Mzee wa Kiitaliano anafunga menyu, anavua miwani, anakuangalia usoni na kuuliza pweza ametengenezwaje. Hapo huna pa kutokea. Itabidi utaje: kitunguu saumu, nyanya, mafuta ya zeituni, divai nyeupe kidogo. Na pale unapofika usipopajua, itabidi uende kumuuliza mpishi. Mimi mapishi ya jikoni kwetu niliyajua kwa sababu ya wazee hao. Nilipofika Bologna nikalichukua swali lao likawa langu.

Kulitamka si kazi kwa Mswahili. Irabu za Kiitaliano huandikwa kwa herufi zilezile tano tulizokua nazo, na mkazo mara nyingi huangukia palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti iko kwenye maandishi. "Ce" na "ci" husomwa che na chi kama zetu, lakini "che" na "chi" husomwa ke na ki. Kwa hiyo "c'è" (kuna) unaitamka che, na "che" (gani) unaitamka ke. Ukichanganya hapo, swali linapinda. "Gn" ni ny ya nyama, ndiyo maana gnocchi, vile vidonge vya viazi, ni nyokki. "Sce" ni she: "pesce" ni peshe, samaki, na "pesche" ni peske, yale matunda ya kiangazi. Konsonanti mbili zikifuatana, zikalie kidogo kabla hujazipita. Zaidi ya hapo fungua mdomo useme. Waitaliano hawamcheki mgeni anayejaribu.

Sasa ugumu wenyewe. Wengi wetu tukifika tunajifunza kusema "senza carne", bila nyama, tukidhani tumemaliza. Hatujamaliza. Kwa watu wengi wa huku "carne" ni pande la nyama linalokatwa kwa kisu katikati ya sahani. Vipande vya pancetta, nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi, ndani ya maharage hawavihesabu kuwa nyama. Kwao ni kiungo tu cha kunogesha. Vivyo hivyo prosciutto, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, juu ya tikiti. Ukilalamika, mhudumu anakuangalia kwa mshangao wa kweli kabisa: nyama iko wapi hapa?

Na hata "maiale", nguruwe, haitoshi, kwa sababu menyu hailitaji jina hilo mara nyingi. Inataja kiungo cha mwili au namna ya kuhifadhi. Guanciale ni shavu la nguruwe, ndilo linaloingia kwenye tambi za carbonara na amatriciana. Pancetta ni tumbo. Speck, coppa, salame, salsiccia, cotechino, ciccioli, wote ndugu wa ukoo mmoja. Lardo ni mafuta yaliyokaushwa kwa chumvi na kukatwa vipande vyembamba. Strutto ni mafuta yaliyoyeyushwa, na huyu ndiye wa kumjua kuliko wote, maana haonekani.

Strutto yumo kwenye mkate. Ile mikate iliyosokotwa ya Ferrara, coppia ferrarese, ina strutto ndani ya unga wake. Piadina ya Romagna, mkate mwembamba wa kuoka juu ya bamba la moto, wengine huikanda kwa mafuta ya zeituni na wengine kwa strutto, na huwezi kujua kwa kuiangalia. Friggione, ule mchuzi mzito wa vitunguu na nyanya unaopikwa pole pole kwa masaa, kwa desturi ya Bologna huanza na strutto sufuriani. Mboga tupu, rangi nzuri, harufu ya kukuita, kumbe! Ukienda kusini, Napoli huyaita mafuta hayo "sugna", na Sicily ganda la cannolo kwa mapishi ya asili lina strutto na divai ya Marsala kwa pamoja.

Ndiyo maana ninauliza kitu kwa jina lake. "C'è strutto nell'impasto?", kwenye unga uliokandwa kuna strutto? "In cosa è fritto?", kimekaangwa kwa nini? "Di cosa è il brodo?", supu ni ya nini? "Che carne c'è nel ripieno?", ndani mna nyama gani? Haya maswali matatu ya mwisho yana faida kwamba hayajibiki kwa ndiyo wala hapana. Mtu lazima ataje kitu. Akisitasita, namwongezea lile ninaloliona kuwa na thamani kuliko yote kwenye lugha hii ya mezani: "Può chiedere in cucina, per favore?" Tafadhali unaweza kuniulizia jikoni? Weita hachukii kuambiwa hivyo. Umemtua mzigo wa kukisia. Mimi nilikuwa nikiambiwa hivyo nashukuru kimoyomoyo, kwa sababu likitokea la kutokea, mwenye jibu ni mpishi.

Tortellini, vile vifundo vya tambi vinavyojazwa ndani, ndiyo mfano mkubwa wa haya yote. Mwaka 1974 chama cha wapenzi wa tortellini, Dotta Confraternita del Tortellino, kilipeleka mapishi ya kilichomo ndani yake kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna yakahifadhiwa rasmi: nyama ya nguruwe, prosciutto, mortadella, jibini ya Parmigiano Reggiano, yai na kungumanga. Nguruwe wa namna tatu katika kijifundo kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Halafu kinapikwa kwenye supu ya jogoo aliyehasiwa. Ukisoma tu "tortellini in brodo" kwenye menyu huoni hata mmoja kati ya hao watatu.

Na ujue unapoulizia tortellini unaulizia zaidi ya chakula. Oktoba 2019, kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Petronio, msimamizi wa mji, waandaaji walitangaza kwamba pamoja na tortellini za kawaida zitakuwapo pia za kuku, wakaziita "tortellini dell'accoglienza", tortellini za ukaribisho, ili na wasiokula nguruwe wapate kuonja. Nchi nzima ililizungumza. Mwanasiasa Matteo Salvini alilalamika kwamba historia na utamaduni wao unafutwa. Kuku kidogo tu ndani ya unga! Lakini mtu wa Pwani anaelewa: jaribu kumwambia bibi wa Lamu biriani iende bila viungo fulani uone. Tangu wakati ule ninauliza nikiwa na uso wa mtu anayetaka kujua, sikunji pua. "Com'è fatto?" ina heshima ndani yake. Anayeulizwa anahisi kwamba unakithamini alichokipika, na mara nyingi atakueleza hata usichokiuliza. "Ni halali?" ukiianza nayo kwenye trattoria (mgahawa) ya kawaida inafunga mlango mapema, kwa sababu jibu la kweli ni hapana, na mazungumzo yameishia hapo. Nyama ya ng'ombe au kuku aliyechinjwa kiwandani kila mmoja wetu ana msimamo wake na shehe wake. Mimi nyama nanunua kwa bucha lenye kibao cha "macelleria islamica", mtaa wa Bolognina nyuma ya stesheni, nakula nyumbani. Nje nakula samaki, mayai, jibini na mboga.

Heshima nyingine iko kwenye maneno ya kuanzia. Kwa mhudumu usiyemjua anza na "Scusi" (samahani), si "Scusa". Scusa ni ya rafiki na rika. Kwetu hakuna anayemwendea mtu mzima bila shikamoo na kumtupia swali, na huku pia, kabla ya swali, "Buongiorno" mchana na "Buonasera" kuanzia jioni. Kijana wa baa za wanafunzi akikuita "tu" (wewe, ya kirafiki) mwitikie hivyohivyo, hana neno. Pia angalia wakati. Weita aliyebeba sahani nne mikononi si wa kuulizwa habari za strutto. Mwambie "Quando ha un attimo", ukipata nafasi, naye atarudi. Uliza kabla ya kuagiza, chakula kikiwa bado menyu. Kikishafika mezani, kila jibu linamgharimu mtu fedha, na hapo ndipo majibu yanapoanza kuwa na ukungu.

Kwa kuagiza, "Vorrei" (ningependa) inatosha popote, au "Per me" ukifuatisha jina la chakula. Kutaka kitu kiondolewe: "Si può avere senza pancetta?", inawezekana bila pancetta? Hapa utasikia "certo", bila shaka, au utasikia "è già nel sugo", tayari imo kwenye mchuzi. La pili liamini na uagize kingine. Kuchota vipande na kukuletea mchuzi uleule si kuondoa.

Pombe ni mjadala wa peke yake. Risotto, wali wa Kiitaliano, karibu kila mara humwagiwa divai nyeupe mwanzoni. Kitendo hicho wanakiita "sfumare". Samaki na nyama za kuchemka kwa muda mrefu pia. Ukisema hutaki, utajibiwa "Ma evapora!", lakini inayeyuka hewani. Watakuambia kwa upole, kwa mikono, na wakati mwingine mpishi mwenyewe atatoka kukueleza. Usiingie kwenye kemia. "Lo so, ma preferisco senza", najua, ila napendelea bila. Halafu nyamaza, tabasamu. Sentensi niliyoizoea mimi inamaliza yote mara moja: "Non mangio maiale e non prendo alcol, neanche nei piatti cotti. Cosa mi consiglia?" Sili nguruwe wala situmii pombe, hata kwenye chakula kilichopikwa, unanishauri nini? Hayo maneno matatu ya mwisho yanamfanya mhudumu awe upande wako. Roma niliambiwa bila kusita cacio e pepe, tambi za jibini ya kondoo na pilipili manga, basi. Na ukifika Roma Ijumaa una bahati, maana wana msemo wao wa zamani: "Giovedì gnocchi, venerdì pesce, sabato trippa", Alhamisi gnocchi, Ijumaa samaki, Jumamosi matumbo.

Nimewasikia wenzetu wakisema wana mzio wa nguruwe ili waondoe maelezo mengi. Sikubaliani nao. Sheria ya Ulaya namba 1169 ya 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inawataka wenye migahawa waeleze vitu 14 vinavyoleta mzio, na nguruwe hamo. Mhudumu atafungua daftari lake, atatafuta, hatamwona, na atakurudia na wasiwasi wa bure. Tena unamharibia mwenye mzio wa kweli. Yule mwenye mzio wa kweli daftari hilo ni haki yake: "Avete la lista degli allergeni?" Atasema "Sono allergico" akiwa mwanamume, "Sono allergica" akiwa mwanamke, kisha "alle arachidi" kwa karanga, "ai crostacei" kwa kamba na kaa, "alla frutta a guscio" kwa jamii ya lozi na korosho. Korosho, kwa Kiitaliano "anacardi", watu wa Pwani wazikumbuke kwenye pesto. Pesto ya Genova ya asili ni rehani, kitunguu saumu, jibini, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari, lakini pesto nyingi za chupa hutiwa korosho kwa kuwa ni rahisi zaidi.

Fedha sasa, kwa haraka. Kwenye bili utakuta "coperto", malipo ya kukalia meza, mara nyingi kati ya yuro 1 na 3 kwa kila kichwa. Si wizi mradi yameandikwa kwenye menyu. Maji hayaji bure, utaulizwa "naturale o frizzante?", ya kawaida au yenye gesi. Secondo, yaani samaki au nyama, huja peke yake sahanini. Mboga au viazi ni "contorno" na bei yake ni mbali. Nyota ndogo pembeni ya jina la chakula, soma chini ya ukurasa: mara nyingi ina maana kilikuwa kimegandishwa.

Penye kushtua ni samaki. Bei ikiandikwa "6 euro all'etto", etto ni gramu 100. Samaki mzima wa gramu 800 ni yuro 48, wala si 6. Malindi niliwaona wageni wakirukwa na rangi kwa sababu ya kamba koche wa kupimwa kwa mizani, na lile swali la waliokuwa wajanja ndilo ninalolitumia: "Quanto pesa, più o meno? E quanto viene?" Ana uzito gani takriban, na jumla ni kiasi gani? Uliza samaki akiwa bado mbichi na macho yake. Vivyo hivyo chakula ambacho mhudumu anakutajia kwa mdomo, "fuori menù", kisichoandikwa popote. Hakuna fedheha kuuliza bei. Mwitaliano mwenyewe anauliza. Ukimaliza, "Il conto, per favore", maana bili haiji mpaka uiite. Unaweza kukaa pale mpaka viti vinapandishwa juu ya meza na hakuna atakayekufukuza.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Malindi, nilimpeleka kwenye trattoria moja nje kidogo ya mji, kwenye vilima, mahali ambapo mama mwenye nyumba ndiye mpishi na binti yake ndiye mhudumu. Meza ya jirani waliletewa kapu la crescentine, vipande vya unga vilivyokaangwa vikafura, moto, vikitoa mvuke. Shangazi akaviangalia, akaniinamia.

"Baba, hayo si mahamri hayo?"

"Yanafanana, Shangazi."

"Muulize yamekaangwa na nini. Usiagize kwanza. Muulize."

Nilikuwa sijamfundisha lolote. Nikamwita binti: "Scusi, mia zia vorrebbe sapere in cosa sono fritte le crescentine." Shangazi yangu angependa kujua crescentine zimekaangwa kwa nini. Binti akasema hana hakika, ngoja, akaingia jikoni. Akatoka mama mtu mwenyewe, unga umemjaa mpaka viwiko, akatangaza kabla hajafika mezani: "Nello strutto, come si deve!" Kwa strutto, kama inavyotakiwa! Alisema kwa fahari. Nikamshukuru, nikamwambia sisi nguruwe hatuli, atushauri nini. Hakununa. Aliweka mikono kiunoni, akafikiri, akasema, "Tagliatelle burro e salvia. Le ho tirate io stamattina." Tambi pana za siagi na majani ya salvia, nimezisukuma mwenyewe asubuhi.

Nilipomfasiria Shangazi neno la kusukuma, alimgeukia yule mama na kumwonyesha kwa viganja, juu ya kitambaa cha meza, jinsi anavyosukuma chapati. Mama akatikisa kichwa, hapana, si hivyo. Akaenda akarudi na mti wake wa kusukumia, mrefu karibu mita moja, akamwekea Shangazi mkononi. Akamwonyesha kwamba unga haubanwi chini tu, unavutwa kando, viganja vikitoka katikati ya mti kuelekea ncha zake. "Un uovo ogni etto di farina", yai moja kwa kila gramu 100 za unga, maji hapana. Shangazi akauliza: chumvi? Nikafasiri. Ya kwenye maji ya kuchemshia inatosha, akajibiwa. Mafuta? Hapana. Shangazi akaona ni unga wa watu wenye mayai mengi. Hilo sikulifasiri.

Tambi zilipokuja zilikuwa za manjano ya kiini cha yai, siagi imezipaka tu bila kuelea, majani mawili matatu ya salvia yamekauka juu yake hadi yanavunjika kwa uma. Shangazi alikula akamaliza. Mboga za kuoka nilizoagiza nazo nikaziulizia, "Con cosa sono condite?", zimetiwa nini, tukaambiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Friggione ilipita ikielekea meza nyingine, tukaiacha ipite.

Kwenye vitamu binti akatutajia panna cotta (krimu iliyogandishwa), tiramisù (kitamu cha krimu na kahawa) na macedonia. Tiramisù: "C'è liquore?" Ndiyo, ramu kidogo. Panna cotta: "C'è gelatina? Di che tipo?", kuna jelatini, ile ya kugandishia, na ni ya aina gani? Binti akatabasamu, furaha ya mtu mwenye habari njema. "Colla di pesce!", gundi ya samaki! Shangazi neno pesce alikuwa ameshalishika, akaanza kukunjua kitambaa chake upya. Ikabidi nimzuie. Gundi ya samaki ni jina la zamani lililobaki, tangu ilipokuwa ikitolewa kwenye vibofu vya samaki. Siku hizi zile karatasi nyembamba zinazouzwa Italia kwa jina hilo nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe. Nikamwomba binti asome pakiti. Alirudi ameinua nyusi. "Suina," akasema, ya nguruwe, na nadhani yeye ndiye aliyeshangaa kuliko sote.

Ikabaki macedonia, matunda yaliyokatwakatwa kwenye bakuli: tufaha, ndizi, chungwa, zabibu.

"Hayo tuletee," Shangazi akamwambia kwa Kiswahili.

"Ngoja kwanza, Shangazi. Mara nyingine humwagia maraschino, pombe tamu."

"Hata matunda?"

"Hata matunda."

Akavuta kiti, akamtazama yule binti usoni, na kwa Kiitaliano alichokisikia kwangu usiku mzima akauliza mwenyewe: "Kom-e fatto?"

Sukari na limau, binti akajibu. Tukaagiza mbili.